Ladha ya Msumari

Jumatatu, 9 Februari

Zamu ya asubuhi. Vidonda, bendeji, dawa ya macho imekwisha tena. Adhuhuri nikainua kichwa: Baba mlangoni, kavuka kutoka kisiwani kwetu Kudhaa. Alijikata kiganja kwa tezo akichonga mbavu za mashua, akaficha kidonda mpaka mkono ukajaa usaha. Sikio la kufa halisikii dawa. Nimekasirika. Daktari atampasua kesho kwa ganzi ya kwapani. Kumlaza usingizi hataki, kifua cha mzee ni kibovu.

Jumanne, 10 Februari

Sijabadilisha nguo za kazi. Naandika hivyo hivyo.

Nilisimama kichwani pake. Sindano ya ganzi haijaisha, Baba akaniambia, "Kanwani mna ladha ya msumari." Nikacheka. Fundi wa mashua, umri wake wote anabana misumari midomoni akigongomea mbao. Nikamfasiria daktari kwa Kisomali, kama mzaha. Naye akacheka, akaendelea kusukuma dawa.

Kumbe ndiyo dalili yenyewe. Ganzi imeingia kwenye damu. Nilifundishwa hayo, na bado nilicheka.

Masikio yakamvuma. Degedege. Daktari akachomoa sindano. Oksijeni, dawa ya kutuliza. Moyo ukaenda ovyo, ukasimama. Nikambonyeza kifua baba yangu mwenyewe, ubavu ukalia chini ya mikono yangu. Daktari akaagiza mafuta ya kunyonya ganzi damuni, yale ya mshipani wanayopewa watoto njiti. Katika chumba cha upasuaji hayamo. Mwenzangu akakimbilia wodi ya watoto. Yakaingia, meupe kama tui. Nikabonyeza. Dua hazikunijia. Nilimtukana, arudi. Moyo ukarudi.

Jumatano, 11 Februari

Hajafumbua macho. Usaha wamemkamua hivyo hivyo, hana habari. Daktari anakuja kumpima, hanitazami usoni. Simchukii. Tulicheka wote.

Mama kapiga simu kutoka kisiwani. Nimemwambia mkono unaendelea vizuri. Naogopa akiamka asinijue. Naogopa kuliko jana.

Ijumaa, 13 Februari

Aliamka jana, akaniita jina langu. Nikaenda kulia chooni.

Kila nikipita namwekea mkono kifuani. Leo nimemchosha. "Niate nilale, mwanangu. Mimi si mchu wa kulindwa." Si mtu wa kulindwa, eti.

Nikajifanya naondoka. Nimekaa nje ya mlango wake, namsikiliza akikoroma.