Baba Yuko Chini ya Lami

Solwezi, Zambia

Mayu wangu, Mama Masanja,

Shikamoo. Je, mguu umepoa, unatembea bila fimbo? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo unachemka. Barua hii anakuletea dereva wa lori anayekuja kushusha mzigo Isaka, kwa sababu simu ya hapo nyumbani anaishika Baba mdogo Luhende, na haya sitaki ayasikie. Mdogo wangu Kabula akusomee mkiwa wawili tu.

Huku kazi ni ile ile ya Rwamgasa, kuchimba, ila hapa si dhahabu, ni shaba, na asubuhi baridi inauma mpaka vidole vinakataa kushika kijiko.

Kabula ameniambia yote. Kwamba ulipokuwa Isaka kwenye msiba wa mama mkubwa, wapimaji wa kupanua uwanja wa ndege walipita hapo Ibadakuli wakiomba kila mji uonyeshe makaburi yake yahamishwe. Luhende akasimama kwenye mlango wa zizi akasema, "Hapa hamna mtu, ni samadi tu." Samadi! Baba yangu samadi! Wageni wangejuaje kwamba kwetu mwenye mji huzikwa zizini, ng'ombe wakakanyaga mpaka pakawa tambarare? Yeye alijua. Udongo wa kwanza aliutupa yeye.

Na alimfanyia mtu gani! Uwanja ule babu zetu waliulima kwa majembe, wakiimba kama wako shambani. Enzi za vumbi, ndege ya daktari ikisikika tu, baba anarukia baiskeli, filimbi mdomoni, anafukuza ng'ombe wa Ibadakuli nzima watoke kwenye njia ya ndege. Wewe mwenyewe ulibebwa na ndege hiyo, uchungu wa Kabula umekushinda, ukapelekwa Mwanza, mkarudi wawili. Watu walikuwa wanakwenda pale kusindikiza wagonjwa, kupokea maiti, hata kusikiliza habari tu. Leo pana lami safi mpaka juu ya zizi letu, na aliyeilinda njia ile hana hata jiwe la kichwani.

Nililia siku mbili. Sasa silii tena, nina hasira, na sitaki mtu anipoze. Wala wewe, Mayu, nisamehe.

Nasikia baada ya mavuno ukoo unamsimika Luhende kwenye kiti cha baba. Ndiyo maana alimficha! Alitaka mji mpya mliohamia usiwe na kaburi la mtu aliyemzidi heshima. Sawa, asimikwe. Usimpinge, mchekee, mpikie ugali.

Mwambie tu kwamba nakuja kwa ndege, na nimeomba aje kunipokea yeye mwenyewe pamoja na wazee wote wa ukoo. Atafurahi, anapenda kuonekana. Senga Nkwimba, dada yake baba, nisalimie sana. Mwambie apike pombe ya mtama aje nayo uwanjani kwenye kibuyu. Wasalimie majirani waliomzika baba, nao waje. Kabula namshukuru, asiogope.

Anayepokea kiti lazima amwagie pombe kaburi la aliyemtangulia, kwa mkono wake, ukoo ukitazama. Basi nikishuka nitamwamkia vizuri, nitampa kibuyu kwa mikono miwili, nitamwambia: "Baba mdogo, tangulia, tupeleke kwa kaka yako."

Ni mimi mwanao niliyekataa kupoa,
Masanja