Kadi Yenye Doa la Samli

Kambi ya Juu,
Shamba la Chai,
Posta ya Kericho.
17 Juni 1935

Mpendwa mdogo wangu Osoro,

Nakusalimu kwa upendo wewe na nyumba yako. U hali gani huko Kampala? Kile kikohozi cha Pasaka kimekwisha? Nataka jibu la kweli, si lile la "mimi mzima" unaloliandika hata ukiwa kitandani. Sisi tu wazima. Mvua hunyesha kila alasiri, chai inaota upesi kuliko mikono ya wachumaji, nami ningali karani wa mizani.

Nina habari ya kukueleza, na ndani yake mna kosa langu. Nitalitaja mahali pake.

Lile bakuli la jiwe la kwetu Tabaka nililokuwa nikilichonga tangu mwaka jana lilionwa na mke wa meneja wetu. Akaandika Nairobi, nami nikaalikwa kulipeleka siku ya ufunguzi wa maonyesho ya kazi za mikono. Nilipewa ruhusa ya siku nne, ikatiwa sahihi, maana Nairobi huwezi kutembea bila karatasi.

Unaijua desturi ya mama: chombo kipya cha jiwe hupakwa samli mpaka kikolee rangi. Nililipaka bakuli siku saba. Shemeji yako Gesare alinionya.

"Baba Momanyi, hao Wazungu wanakwenda kulitazama jiwe au kulila?"

Asubuhi ya safari nikalipaka tena, nikalifunga kwa majani ya mgomba, nikapanda lori la chai hadi stesheni ya Lumbwa. Katika gari la moshi nililipakata kama mtoto mchanga hadi Nairobi.

Ukumbini nilipokewa na Bwana Opiyo, mtu wa Kisumu, mpangaji wa meza. Aliliweka bakuli karibu na dirisha kubwa, juu ya kitambaa cheupe. Mbele yake akasimamisha kadi iliyochapwa kwa Kiingereza, maana yake: "Bakuli. Kazi ya mwenyeji wa Kericho." Basi. Nikazunguka kusoma kadi nyingine. Picha za Wazungu zote zilikuwa na majina. Palikuwa na picha ya farasi, yenye jina la mchoraji na jina la farasi.

Nikamkumbuka baba. Alichonga mawe miaka thelathini. Bakuli lake moja nililiona katika veranda ya Mzungu hapa Kericho, limepandwa maua. Nilipouliza ni kazi ya nani, nikaambiwa ni ya Wakisii.

Nikamwendea bibi Mzungu msimamizi. Akasema, "Hapana badili, karani. Kadi kwisha chapa."

Nikamjibu, "Mama, kila siku mbele ya mizani yangu hupita wachumaji mia mbili. Hata mwenye ratili tano za majani huandikwa jina lake. Jina langu lisipowekwa, nitalifunga bakuli langu nirudi nalo kwa gari la saa kumi."

Alitazama saa, akaenda zake. Nikaketi kando ya meza, kofia gotini, majani ya mgomba tayari mkononi.

"Mzee, utanifukuzisha kazi," Opiyo akaninong'oneza.

"Hujafanya kosa lolote. Endelea kupanga meza zako."

Ilipofika saa nane jua likaingia dirishani, likaliangukia bakuli. Hapo ndipo lilipo kosa langu. Opiyo alipiga kelele: "Mzee! Jiwe lako linatoka jasho!" Samli ilikuwa ikiyeyuka, ikatiririka juu ya kitambaa cheupe, na ile kadi ikainywa mpaka herufi zikafifia. Nje, motokaa za wageni zilikuwa zikisimama. Bibi akaja mbio, uso mwekundu.

Nilisimama. "Mama, kosa ni langu. Kitambaa nitakifua mwenyewe. Lakini sasa unahitaji kadi nyingine, na mwandiko wangu ni mzuri."

Nikalifuta bakuli kwa leso yangu ya Jumapili. Lilikuwa likimeremeta, na ile mishipa myekundu ya jiwe ilionekana yote. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akageuka kuitazama milango. Kisha akanipa kalamu. Niliandika: "Bakuli la jiwe. Limechongwa na Nyaberi, mwana wa Atuti, wa Tabaka."

Wageni walipoingia, Mzungu mmoja mzee aliinama akaisoma kadi kwa sauti, akalitamka vibaya jina la baba. Hata hivyo nililisikia, Osoro. Nililisikia likitamkwa katika ukumbi ule.

Nimeambiwa nipeleke vyombo vitano mwakani, nami nimeazimia kuvipeleka, vyote kwa jina. Patasi tatu za baba zimo katika sanduku lako. Usiniandikie kwamba utachonga siku moja. Hayo umeyasema miaka sita. Kama unachonga, chonga. Kama huchongi, mpe binamu yetu Nyang'au aniletee mwezi wa Agosti.

Msalimu Dorcus na watoto. Jirani yetu Gekara anakusalimu. Gesare anakusalimu pia, ingawa bado anacheka. Nilipomsimulia habari ya samli aliketi chini juu ya gunia. Mama anasema samli haikukosea, dirisha ndilo lililokosea. Anakuombea Mungu akulinde kifua na mikono.

Humu bahashani nimetia ile kadi ya kwanza. Iinue kwenye mwanga, samli imeiangaza hata utakiona kidole chako upande wa pili. Nilijaribu kuliandika jina la baba juu yake, wino ukakataa kushika. Kadi ni yako. Usinirudishie kadi, nirudishie patasi.

Ndimi kaka yako akupendaye na kukusubiri,

Nyaberi Atuti