Antena ya Kioo na Mbuzi wa Mama Mkwe

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Naiandika nikiwa nimevua kofia, ingawa hapa karakana hakuna anayenitazama ila ndoo ya grisi. Ulipokuwa hai sikuwahi kukuamkia nikiwa nimekuelekea uso. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango, mimi nje ya uzio wa minyaa, na katikati yetu alipita shemeji akibeba salamu kama tarishi. Ndiyo heshima ya mkwe kwenu ninyi mliovuka mto Ruvubu zamani, mkalima migomba Murusagamba mpaka mkawa wa hapahapa. Kwetu sisi Wahangaza nako si mbali na hivyo. Mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawataniani. Na mimi, mama, kutonitania ni kuninyima hewa.

Unanijua. Mdomo wangu ulitoka kiwandani bila breki. Shule niliishia la sita, lakini dunia nimeisoma yote: Kigali nimelala, Bujumbura nimenyolewa, Mwanza nimeibiwa viatu nikiwa nimevivaa. Siku ile nilipokuja kumposa Skolastika wako, mshenga alisema maneno manne, mimi nikasema yaliyobaki mpaka jua likazama. Nilisikia baadaye kwamba ulicheka huko ndani. Ulimwambia binti yako, "Kwa huyu hutakufa njaa ya maneno."

Miaka ile ya wakimbizi Ngara ilikuwa na magari meupe mengi kuliko ng'ombe. Kila shirika na magari yake, kila gari na antena ya redio ya upepo ndefu kama ufito wa kuvulia samaki, na kila antena ikivunjika kwenye matawi ilikuja kwangu. Halafu mnara wa simu ukasimama mjini, na wakubwa wakataka simu ndani ya magari. Hapo ndipo zikaja antena za kubandika kwenye kioo. Mama, niruhusu nijisifu kidogo kabla sijafika kwenye aibu, kwa sababu nikifika huko sitajisifu tena. Toka Ngara mpaka Biharamulo, hakuna fundi aliyezibandika kunizidi.

Watu walidhani ni kazi ya gundi tu. Unasafisha kioo kwa spiriti mpaka kilie chini ya kitambaa. Asubuhi za kwetu kioo ni baridi na gundi haishiki, kwa hiyo unaliacha gari juani, au unakikanda kioo kwa kitambaa cha maji ya moto kama unavyomkanda mzazi, halafu unakikausha. Nje unabandika kitako cha antena. Ndani, sawasawa na kile cha nje, unabandika kiboksi chenye waya wa kwenda kwenye simu. Hutoboi popote. Kimoja nje, kimoja ndani, kioo katikati, na sauti inapita. Ukikosea upana wa kidole, simu inakoroma. Ukibandika juu ya ile karatasi nyeusi ya kuzuia jua, umebandika pambo. Na gari lisioshwe mpaka kesho yake, hata bosi akinuna.

Skolastika alikuja kwako kujifungua mtoto wetu wa kwanza, kama inavyotakiwa. Nikabaki peke yangu na sufuria. Ugali wangu wa kwanza hata mbwa wa jirani aliunusa akaniangalia kwa huruma. Ndipo Ladislausi, dereva wa shirika moja, akaja kuchukua gari nililolibandikia antena. Alikuwa anapita Murusagamba kwenda kupokea watu mpakani.

"Fundi," akaniambia, "nikifika kwa wakwe zako nitapanda pale juu ya kilima, niijaribu hii antena yako. Nikipata mnara nakubipu. Wewe unapiga, unaongea na mama watoto."

"Ukipata mnara?" nikamwambia. "Kwa antena niliyobandika mimi utawapata mpaka marehemu."

Nimeyaandika maneno hayo hapa na mkono umetaka kuyafuta. Nimeyaacha, ndivyo nilivyosema.

Yaliyotokea kilimani alinisimulia Ladislausi jioni alipoingia karakana akiwa hataki kuniangalia. Alisema watu walilizunguka gari kuanzia kwa Verediana jirani yako mpaka watoto wa katekista. Skolastika hakuweza kupanda kilima, kwa sababu alikuwa amejifungua usiku uliotangulia, na wewe ulikuwa umeacha jembe ili uje mwenyewe kunipa habari. Alisema ulilizunguka gari lote ukitafuta tundu.

"Waya umepita wapi?"

"Haukupita, mama. Kimoja kiko nje, kimoja ndani. Havigusani, lakini vinasikilizana."

"Kumbe kama mimi na mkwe wangu," ukasema, na watu wakacheka, cheko la heshima.

Alisema kabla ya kupokea ulijifunika kitenge kichwani na kuipa Ngara mgongo, wakati kati yangu na wewe kulikuwa na milima mizima. Ukamuuliza, "Kwenye simu nako mkwe anafichwa?" Naye, mjinga yule, akajibu kwamba vitabu havijasema. Halafu akafungua kile kipaza sauti cha kwenye dashibodi mpaka mwisho, ili wanakijiji waone maendeleo.

Mimi huku karakana nikapiga. Nikasikia "Haloo" ya Skolastika. Mama, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sauti yako na ya binti yako ni moja. Ningejuaje? Miaka yote salamu zako zilinifikia kwa mdomo wa shemeji.

Sikungoja uongee. Ningengoja kidogo tu, ungeniambia nimepata mtoto. Nikaanza: mpenzi, kitanda kimekuwa kipana kama uwanja wa ndege. Mpenzi, nakumbatia mto mpaka mto umeomba talaka. Halafu nikasema yale mengine ya mume na mke, nikayapanga moja moja, mafundi wenzangu wakipiga spana kunishangilia. Yale siyaandiki. Uliyasikia, Verediana aliyasikia, watoto wa katekista waliyasikia. Na juu ya hayo nikapachika hili: "Na hicho kizee chako kitakuachia lini? Au kinataka kukuzeesha nacho?"

Kukawa kimya. Nikadhani mnara umekata, nikapiga kelele, "Haloo, mpenzi?"

Ukajibu taratibu sana: "Umekosea namba, bwana. Hapa hakuna mke wako."

Simu ikakatwa. Nikacheka! Ndiyo, mama, nilicheka, nikawaambia wenzangu Skolastika ananitania. Nikatamba mpaka jioni jinsi sauti ilivyokuwa safi. Na ilikuwa safi kweli. Antena ile niliibandika vizuri mno. Katika kazi zote nilizofanya, hiyo moja ningeomba ingekuwa mbovu.

Ladislausi alinieleza kwamba uliposhuka garini watu walikuwa wameinamisha vichwa, wengine wameuma vitenge vyao. Ukawaambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya maharage, "Ni mlevi mmoja wa Mwanza. Amekosea namba." Ukachukua jembe lako ukaenda shambani. Hata habari ya mtoto ukamwachia dereva anifikishie.

Baba mdogo aliposikia hakunigombeza. Alikaa chini. Kisha akasema, "Peleka mbuzi. Mkwe aliyemwaibisha mama mkwe hupeleka mbuzi wa kufuta aibu, anamfunga mlangoni, yanaisha." Siku hizo nilikuwa na kazi za magari Biharamulo, nikamnunua mnadani Nyakahura, jike mwenye shingo ya kahawia, mzuri, kwa sababu hata aibu yangu nilitaka iwe na hadhi. Nikamfikisha Ngara juu ya lori la mkaa. Na hapo, mama, ndipo akili yangu ya la sita ikaanza kufanya kazi.

Nikajiambia: mama ameshawaambia watu ni mlevi wa Mwanza. Nikitokea na mbuzi, kila mtu atauliza mbuzi wa nini. Nitakuwa nimemuumbua mama aliyenificha. Nikajiona mwerevu, nikajiona hata ninakuheshimu. Nikamfunga mbuzi nyumbani kwangu nikingoja watu wasahau.

Watu hawakusahau, mbuzi akazaa. Watoto wangu wamekua wakiwaita "mbuzi wa bibi", na hatukuchinja hata mmoja. Mimi badala yake nikakuletea kila kitu ambacho si mbuzi. Godoro, nikaleta. Bati za nyumba nzima, nikaleta, na nikahakikisha Murusagamba yote imeziona zikishushwa. Kila mara nilisimama nje ya minyaa, nikaongea kwa sauti kubwa na shemeji, nikaondoka kabla chai haijachemka. Sikuogopa kitu kama kuusikia mlango wako ukilia.

Wewe ulituma ujumbe kupitia Skolastika: "Mwambie mume wako bati nimezipokea, Mungu ambariki. Lakini kwani huko kwenu hakuna mbuzi?"

Nikasema, mama ana hamu ya nyama. Nikakutumia paja kutoka buchani.

Skolastika aliliangalia lile paja, akaniangalia mimi, akasema, "Haya." Mpaka leo sijui alivyojizuia. Labda ulimkataza. Labda ulitaka mbuzi aje kwa miguu yangu, si kwa kusukumwa na mke.

Kisha ukafa, wakati wa kupanda maharage. Nilikuja na gari la kuazima, nikabeba maturubai na sukari ya msiba, nikafanya kazi kama punda ili nisikae na watu. Tulipokwisha kukuzika nikawa natundika taa ya gesi kwenye turubai nje ya minyaa, Verediana akanipitia na wazee wenzake wa kike, akasimama.

"Mkwe wa Mwanza," akasema, "pole na msiba."

Wale wengine wakafunika midomo kwa vitenge. Msibani, mama! Mabega yakawa yanawatikisika.

"Wa Mwanza?" nikasema. "Mimi ni wa hapa Ngara, shangazi."

"Ego, ndiyo, tunajua wewe ni wa Ngara. Tulijua toka siku ile ya gari. Sauti yako nani asiyeijua? Siku ya harusi yako uliimba mpaka kuku wangu wakahamia bondeni."

Taa ilinizimikia mkononi. Nikauliza, "Na mama alijua kwamba mnajua?"

"Mama yupi asiyejua? Kila tulipokutana kisimani tulimuuliza, Yule mlevi hajapiga tena? Anacheka mpaka anaweka ndoo chini." Verediana akaacha kutabasamu. "Alikuwa anakungoja, mwanangu. Alisema, akija na mbuzi wake nitatoka nimpe mkono, yaishe, tuzeeke tukiongea kama watu. Kila tulipomletea habari kwamba gari lako limeonekana barabarani, alikuwa anavaa kitenge kizuri. Halafu unashusha bati."

Nilikwenda nikasimama nyuma ya gari, nikajifanya natafuta spana.

Sasa hivi naweza kukueleza aibu yangu ilivyo. Si ya yale maneno ya kwenye simu. Yale yalikuwa ajali, na wewe uliyazika siku ileile ukarudi kulima. Aibu yangu ni kitenge kile kizuri ulichokuwa unakivaa na kukivua. Mimi niliyezunguka dunia, ninayejua sauti inapitaje kwenye kioo kisicho na tundu, nilishindwa kujua kwamba nyuma ya ule mlango alikuwapo mtu amesimama, mkono ameshauandaa. Nilidhani nakuficha. Kumbe nilikuwa najificha mimi, na nilikulipisha wewe.

Skolastika nilimuuliza usiku huohuo kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungetaka uambiwe mara ngapi, na mama alishakuuliza habari ya mbuzi? Mama alisema wewe unajua kuongea, angependa siku moja akuone unasikiliza." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliniuma.

Wiki iliyopita nilimleta. Si yule wa Nyakahura, yule alikufa kwa uzee, ni mjukuu wake, lakini shingo ni ileile. Sikumpakia garini. Niliacha gari barabarani nikamwongoza kwa kamba mchana kweupe, nikapita kwa Verediana, nikapita kwa katekista, watu wakasimama mashambani wakaegemea majembe, na hakuna aliyeniuliza mbuzi wa nini. Nikavuka uzio wa minyaa kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikamfunga mlangoni pako kama baba mdogo alivyonielekeza. Nikasimama, nikauelekea mlango, sikugeuza uso.

Shemeji alikuwa ameuacha wazi ili nyumba ipate hewa. Ndani niliona kigoda, na godoro nililoleta mimi, limekunjwa. Nilisimama pale nikisikiliza, mama. Mbuzi akaanza kula majani ya mgomba. Hakutoka mtu.

Lala pema, mama. Nilikuwa nimevua kofia pia siku ile.

Mimi mkweo,
mume wa Skolastika.