Nyeupe ya Pembe

Garissa,
9 Machi 1966

Kwako Mama Ndunge,

Mimi mzima, ila joto na mbu wa mto Tana. Koti ulilonitumia nimelifanya mto wa kulalia.

Napaka rangi chumba ambacho askari walikuwa wakifungia watu. Sasa kitakuwa ofisi. Nina mikebe miwili ya rangi, krimu na nyeupe ya pembe za ndovu. Kwa macho yangu zinafanana kabisa. Ila krimu ni nzito, huziba mikwaruzo. Pembe haifichi kitu.

Juzi nilimwomba Rahmo, mama anayetuletea maziwa, anichagulie. Mumewe, Billow, alichukuliwa na askari kule Habaswein mwaka jana, na kila ofisi humwambia hakuletwa Garissa. Rahmo alicheka.

"Fundi, huoni? Hii maziwa ya ng'ombe, hii ya ngamia."

Kisha akausogelea ukuta. Ukutani mtu alikuwa amekwaruza duara na mistari miwili. Akaigusa kwa kidole.

"Hii alama tunachoma ngamia yetu," akasema. "Billow alikuwa hapa." Akanisihi, "Paka ile nyepesi."

Kuta tatu nimepaka krimu. Ule wenye alama, pembe. Jana bwana mkubwa wa ofisi hii alikagua. Akasema rangi imelingana vizuri, akavuta kiti, akaketi chini ya ile alama.

Ukishasoma, choma barua hii. Leo Rahmo amemletea bwana mkubwa maziwa. Ameweka kikombe mezani, akaitazama ile alama juu ya kichwa cha bwana mkubwa, akatoa salamu. Bwana mkubwa akaitikia.

Wako,
Kioko