Edna Hayumo Kitabuni

Mpendwa Baba,

Hukupenda barua za kuzungukazunguka. Ulitaka mtu aanze na lililomleta. Basi lililonileta ni uchovu, na jina langu.

Leo ni Jumamosi, siku yetu ya simu. Nimekaa jikoni kwangu hapa North York, Toronto, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, mgongo unauma kwa kuinua wazee wa watu. Huu ni mwaka wa tano tangu uondoke, na bado ikifika saa nne asubuhi natazama simu.

Unakumbuka wali wa Jumapili? Hakuna aliyegusa sahani kabla hujatusimamisha, mimi na wadogo zangu, tutaje watu mashuhuri wa mji ule wa pamba huko Uingereza, ambako kiwanda cha nguo cha Mwanza kilikupeleka kujifunza ufundi wa mitambo. Walikuwa wanne. Bwana Stanley, fundi aliyejua ugonjwa wa mashine kwa kuisikiliza tu. Bi Nora wa kantini, aliyepika chakula cha kiwanda kizima. Bwana Harold, dereva wa basi ambaye theluji haikuwahi kumrudisha nyumbani. Na mbele yao wote Bi Edna, mfumaji, aliyesimamia mashine sita peke yake huku anaimba. Mama alikuwa anafunika wali kwa sinia na kunong'ona kwamba Waingereza wako wanatupozea chakula.

Wageni nao hawakupona. Siku moja padri alikuja kula kwetu, ukampa habari za Bwana Harold na theluji mpaka akaanza kusinzia, uma mkononi. Tulicheka, lakini tuliamini. Mimi nilidhani mji ule una sanamu zao kila njia panda.

Niliamini kuliko wadogo zangu kwa sababu nilibeba jina. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na kila mtu alijua nitakuwa Kabula. Bibi alifika na kuku wawili na shanga zangu za kiunoni, ukamwambia mtoto ataitwa Edna, kwa heshima ya mwanamke mkubwa wa Uingereza. Kuku aliwaacha, shanga akarudi nazo. Alinisimulia mwenyewe nilipokuwa na miaka kumi, huku anachambua mchele, wala hakukunja uso. "Huyo mama lazima alikuwa mkubwa kweli," alisema, "mpaka mwanangu akamweka mbele yangu." Nikamjibu kwa majivuno kwamba alisimamia mashine sita. Akasema, "Haya." Baada yangu walizaliwa wavulana watupu, na Bibi alikufa bila mjukuu wa jina lake.

Nilikuja Toronto mwaka 2003. Mwaka uliofuata nilikikuta kitabu maktaba: watu mashuhuri wa mji wako, jina la mji limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada. Nilikaa kukisoma bila hata kuvua koti. Alikuwamo mhandisi aliyebuni mashine ya kusokota nyuzi. Alikuwamo mwanamke aliyepigania haki ya kupiga kura, mcheza mpira, mwimbaji, na meya mmoja mwenye ndevu mpaka kifuani. Nikapitia faharasa mara tatu. Watu wetu wa Jumapili hawakuwamo hata mmoja.

Jumamosi nikakupigia.

"Baba, Edna hayumo kitabuni."

"Kitabu gani?"

Nikakueleza. "Basi wamemsahau," ukasema. "Wewe unajua kuandika, mwanangu. Waandikie."

"Niwaandikie nini? Huyu mama alikuwa nani hasa?"

Ndipo uliponiambia. Ulifika mji ule siku ya mvua ukiwa na anwani kwenye karatasi, na mwenye nyumba alipoiona sura yako akasema chumba kimeshachukuliwa. Ukaenda mlango wa pili, wa tatu, ukamaliza mtaa. Bi Edna alikuwa anarudi kutoka kazini, akakukuta umekalia sanduku lako, umelowa chepechepe. Akakuuliza kama unajua kumenya viazi. Ulikaa kwake miaka miwili. Siku ya kuondoka ulijaribu kumshukuru, akakushangaa; alisema yeye alikuwa anapangisha chumba tu.

"Mwenye nyumba," nikasema. "Ulimnyima Bibi jina lake kwa ajili ya mwenye nyumba wako."

"Mwanangu, mvua ile..."

"Ulitudanganya, Baba. Mbele ya wageni."

Nikakata simu. Niliendelea kukupigia kila Jumamosi, sikatai, ila tulizungumza habari za baridi na presha yako. Edna hukumtaja tena. Mdogo wangu aliniambia kwamba Jumapili sasa unakula kimya kimya na wali hauna nafasi ya kupoa. Ulipofariki, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka, na ningeondoka nisingeruhusiwa kurudi. Nilisikiliza mazishi yako kwenye simu ambayo mtu aliishika karibu na kaburi. Nilichosikia zaidi ni upepo.

Hilo ndilo linalonichosha, Baba. Kuinua wazee ni kazi, mwili unalala unaamka. Hili haliamki limepungua.

Sasa nikupe la mwezi huu. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, huko Agincourt, alikuwapo Mama Shirin, Mhindi Mwismailia wa Mwanza ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Huenda suruali yako ya harusi ilitoka kwao. Maradhi ya usahaulifu yalimwondolea Kiingereza kidogo kidogo, yakamwachia Kiswahili cha sokoni Mwanza na matusi yake mawili matatu. Wajukuu zake wanakielewa lakini wanajibu kwa Kiingereza. Mtu wa kumjibu nilikuwa mimi. Kila asubuhi nilimwogesha, nikamsuka, naye akaniuliza, "Edna, mwanangu, umekunywa chai?" Nikisema bado, alikataa kuvaa soksi mpaka nikanywe.

Majira ya baridi yaliyopita barafu ilikata nyaya za umeme na mabasi yakasimama. Nilitembea karibu barabara ya Sheppard yote kwenda kwake, nikimkumbuka Harold wako kwa hasira. Usidhani ni ushujaa. Zamu ilikuwa yangu, na msimamizi wetu hapokei sababu.

Alifariki wakati theluji inayeyuka. Wiki iliyopita mjukuu wake, Alia, alikuja kutoka Richmond Hill na mtoto mchanga. Alinikuta nakunja mashuka.

"Dada Edna," akasema, "samahani, Kiswahili changu ni broken. Huyu ni binti yangu. Jina lake Edna."

Nilikaa juu ya mashuka safi. "Hapana," nikamwambia. "Msifanye hivyo. Mpeni jina la bibi yako. Usimnyime bibi jina lake."

"Ni yeye alisema, before hajafa. Alisema akina Shirin wako wengi."

"Mimi nilikuwa nafanya kazi yangu tu, Alia."

Nilipokwisha kusema hivyo nikakumbuka kile chumba cha kupangisha. Wewe unajua nilikuwa nimesema maneno ya nani.

Kwa hiyo nisamehe, Baba. Hukutudanganya. Ulikuwa umesimama kwenye mvua, mtu akakuuliza kama unajua kumenya viazi, na hukupata njia nyingine ya kumlipa ila kutuchelewesha kula kila Jumapili. Nilikuwa na elimu ya kutosha kusoma faharasa, na sikukuachia hata umalizie sentensi moja. Kwa Bibi bado sina la kusema. Kunivisha shanga zile kulikuwa haki yake, na nadhani hilo ulilijua.

Jana nimewaandikia wenye kitabu, kama ulivyoniagiza. Nimewatajia Stanley, Nora na Harold, na Edna nimemweka mbele yao. Sidhani watajibu.

Alia alinipa mtoto nimshike. Alikuwa mwepesi, amekunja ngumi, na alinitazama bila kuvutiwa. Atakua, Baba. Watamwambia kwamba Edna wa kwanza alikuwa mwanamke mkubwa wa Toronto, aliyetembea kwenye barafu siku ambayo mji mzima ulisimama, na kila mwaka watairefusha ile barabara. Halafu siku moja ataingia maktaba, atafungua kitabu cha watu mashuhuri wa mji huu, apitie faharasa mara tatu. Kisha atampigia mama yake.

Namwomba Mungu binti huyo asikate simu.

Pumzika, Baba. Kesho ni Jumapili, nitauacha wali upoe.

Binti yako wa kwanza,
Edna