Majivu kwenye Janti ya Patron

Jumapili, 4 Mei

Masufuria sita kabla ya saa tatu. Majivu, maji kidogo, nyuzi za chuma, halafu jua. Mikono inanuka moshi mpaka kwenye kucha.

Baba amepita, amesimama, ameangalia masufuria yakikauka. Kiisha ameangalia magurudumu ya gari ya Patron wake, zile janti za alumini. Akamwambia Idi: "Unaona masufuria ya Zaina? Janti zako ziko nyuma."

Idi amecheka. "Baba Mudogo, janti haiko sufuria."

Nikageuza sufuria moja juani. Nilifurahi. Aibu, kufurahi hivyo kwa neno dogo.

Baba ni shofa. Patron, bosi wake, amesafiri, na gari yake inalala kwenye lupango yetu, ndani ya ua, wiki nzima. Jumamosi itabeba bibi harusi, binti wa Patron, itakuwa ya mbele kwenye msafara. Baba ameahidi itakuwa kama kioo. Kuiosha ni kazi ya Idi, mtoto wa Baba Mukubwa, kaka ya Baba anayekaa Mokambo. Namuita Yaya, kaka mkubwa. Anakaa kwetu amalize masomo, na mtihani wa serikali umekaribia. Lakini mwezi uliopita aliendesha ile gari mpaka barabarani bila ruhusa. Baba alimwambia: mara ingine moja tu, unarudi Mokambo.

Jumatatu, 5 Mei

Profesa ameuliza swali la physique, fizikia. Jibu nilikuwa nalo. Nimeangalia chini mpaka akamchagua mwingine. Kama kawaida.

Jumanne, 6 Mei

Nimefanya upumbavu.

Mama alikuwa sokoni. Idi alibaki masomoni. Baba kazini na gari ingine. Nilitaka arudi akute janti moja inashinda zile tatu. Nilitaka aulize ni nani. Nisingejibu. Angejua tu.

Nikakoroga majivu na maji, mazito, kama tunavyofanya kwa sufuria iliyoungua. Unapaka, unaacha yaule weusi, unasugua. Nimepaka janti ya mbele, ya kushoto, upande wa ukuta. Nimeiacha muda wote wa kupika bukari, ugali wetu. Kiisha nyuzi za chuma. Kwa nguvu.

Ikiwa na maji iling'aa. Nilicheka peke yangu. Ilipokauka ikawa nyeupe, kama jicho la mtu asiyeona. Mikwaruzo ya mviringo, mingi. Na pembeni kitu kama ngozi nyembamba kinabanduka. Ni verni, vanishi ya kung'arisha. Sikujua kama janti inapakwa verni. Sufuria haina verni.

Nimemwaga maji tena. Yenye maji, nzuri. Kavu, imekufa. Mara tatu nimefanya hivyo, kama mjinga.

Nimesikia mlango wa lupango. Nimekimbia jikoni na ndoo.

Jumatano, 7 Mei

Hakuna aliyeona. Jioni umeme ulikatika, kama jana, Idi ameosha gari haraka haraka gizani, akiimba. Nilikuwa nahesabu sauti ya kitambaa chake. Janti ya kwanza. Ya pili. Alipofika upande wa ukuta nikaacha kupumua. Akaendelea kuimba.

Nilikula matonge mawili. Mama ameuliza kama ni malaria.

Alhamisi, 8 Mei

Baba ametoa gari kwenye ukuta saa sita ili kuweka mafuta. Ameona.

Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Amemsubiri Idi arudi masomoni, amemshika bega, amemchuchumaza mbele ya janti.

"Ni nini hii?"

Idi amegusa. "Sijui, Baba Mudogo. Haiko miye."

"Kila jioni ni weye na ndoo. Sasa ni nani? Shetani?"

"Haiko miye."

"Siku ile uliendesha gari, ulisema vilevile haiko weye, mpaka jirani akasema alikuona."

Mama amesema: "Baba Zaina, muulize muzuri." Baba hakumsikia. Amepiga simu Mokambo hapo hapo, mbele yetu wote. Amemwambia kaka yake: "Mutoto wako ni mwongo. Kesho anarudi kwako."

Mimi nilikuwa hatua mbili, na sahani mkononi. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Hayakutoka.

Idi ameingiza kidole kwenye tundu la boluti. Kimetoka na majivu. Amekiangalia. Ameniangalia mimi. Kiisha amekifuta kwenye suruali na kuingia ndani kutafuta begi lake.

Anajua. Yeye anapoteza mtihani na anajua.

Najichukia.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi nimeandika barua kwa Baba. Kwanza kwa Kifaransa. Ilikuwa nzuri sana, kama dissertation, insha ya masomo. Hakuna mtu ndani. Nimeandika kwa Kiswahili. Mistari miwili tu. Nimechana zote mbili. Sikwenda masomo.

Baba amerudi kutoka sala. Begi la Idi lilikuwa mlangoni. Gari ya Mokambo inaondoka saa tisa. Idi amevaa koti lake na joto lote lile, kwa sababu halikuingia kwenye begi. Sijui kwa nini ni lile koti lililonishinda.

Nimesema: "Baba, ni miye."

Hakusikia. Sauti yangu ni ndogo. Nimerudia.

"Ni miye nilisugua janti. Na majivu. Yaya Idi hakuigusa."

Baba amekaa kwenye kiti. Nilifikiri atanipiga, na nilitamani anipige iishe.

"Tangu siku gani?"

"Jumanne."

"Na jana ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa."

Ametoa simu. "Jana nilimuita mutoto wa kaka yangu mwongo, kaka yangu anasikia. Sasa sema weye. Miye sina mudomo wa kusema hii."

Mimi sipigi simu. Hata kwa bibi, Mama ndiye anayesema kwa ajili yangu. Nimeshika ile simu kwa mikono miwili. Baba Mukubwa amesema alo, alo, nani? Nimesema jina langu. Nimesema yote, bila kupumua. Majivu, nyuzi, ukuta, sahani. Kiisha: "Zaina. Sijasikiaka sauti yako hata siku moja." Halafu: "Mupe Idi."

Idi ametoka nje na simu. Aliporudi amevua koti.

Baba amempigia Patron pia, amesema kosa limetoka nyumbani kwake. Hakutaja mtu.

Idi amekwenda kwa fundi wa barabarani, amerudi na dawa ya kutoa verni. "Moja haiwezi kufanana na ingine tatu," amesema, kwa Baba, si kwangu. "Tutoe verni kwa zote." Tumetoa. Halafu karatasi ya msasa na maji, ngumu kwanza, laini, laini zaidi. Baba janti moja, Idi mbili, mimi ile yangu. Mpaka jua likaisha.

Jumamosi, 10 Mei

Alfajiri, pâte ya kung'arisha na fulana ya zamani. Unasugua, inatoka nyeusi, unafuta, chini yake inaanza kukuangalia. Vidole vyangu vimepasuka. Saa nne nimeona meno yangu kwenye janti.

Gari imekwenda na maua. Kabla haijatoka, Patron, aliyerudi kutoka safari, ameizunguka mara moja, amechuchumaa, amesema bila verni zitataka kusuguliwa kila juma, na ni nani atafanya? Baba amejibu: "Ba kwangu, batoto ba nyumbani."

Jumapili, 11 Mei

Gari imerudi kwetu ioshwe, na vumbi nyekundu na utepe mmoja uliokatika. Mama amelala. Baba anasikiliza redio.

Idi amekaa kwenye kizingiti na madaftari yake ya mtihani. Nimemwambia pardon, Yaya. Mara ya nne tangu Ijumaa. Amegeuza ukurasa.

Kiisha, bila kuinua kichwa: "Zile tatu nimemaliza asubuhi. Ile ya kushoto sitaigusa. Ni yako."

Nimechukua pâte na fulana. Nimekaa chini upande wa ukuta. Baridi imeanza kidogo. Nilikuwa nasikia kalamu yake, na yeye bila shaka alikuwa anasikia kitambaa changu.