Maneno Yaliyopenya Chumbani kwa Mwanakombo

Temeke,
Dar es Salaam.
14 Septemba, 1956.

Mpendwa mwanangu Jabiri,

Salamu nyingi zikufikie huko Mwanza, wewe na mkeo Tabu. Natumaini homa iliyokulaza mwezi uliopita imekwisha, na kwamba kazi ya pamba haikuchoshi kabla nguvu hazijakurudia. Sisi hatujambo. Mguu wangu unauma asubuhi, lakini natembea. Mama yako ni mzima, na amepanda mihogo upya nyuma ya nyumba.

Binti yenu Mwanakombo alitolewa ndani Jumamosi iliyopita, baada ya kukaa mwali mwaka mmoja na miezi minne. Ngoma ilichezwa, wali uliliwa, na jamaa wa Kimbiji walifika wote. Hayo ndiyo ya heri. Sasa nitakueleza lililotuaibisha, kwa sababu najua mdogo wako Nassibu amekwisha kukuandikia, na najua amekuandikia kwa kujisifu.

Unamkumbuka Demetria, binti wa jirani yetu Kamugisha, yule karani kutoka Bukoba. Kabla mwanao hajawekwa ndani, wasichana hao walikuwa hawaachani. Walichota maji pamoja na kusukana nywele. Siku ya ngoma Demetria alikuja na mama yake, Benedicta, akamletea mwenzake doti ya kanga. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kanga ya namna ile ile, ili wawe sare. Mwanakombo aliutazama ule mkono, asiupokee. Akasema mbele ya wageni, "Sipokei kitu cha watu wa kuja. Siku ya uhuru mtarudi kwenu kwa miguu, na hata Pugu hamtapumzika."

Vijana walicheka, na Nassibu akapiga makofi. Demetria aliikunja ile kanga aliyoileta, wakaondoka bila kula.

Mimi sikucheka, wala sikuweza kumkemea, maana maneno yale yalikuwa yangu, pamoja na hiyo Pugu ya njia ya bara. Niliyasema barazani kwangu, alasiri baada ya alasiri, mimi na rafiki yangu Fakihi, tukilalamika kwamba ukarani wote umeshikwa na watu wa bara. Dirisha la chumba cha mwali liko nyuma ya kiti changu. Muda wote ule mtoto hakumwona mtu yeyote wa nyumba ya Kamugisha, alitusikia sisi. Shoga zake walioruhusiwa kumtembelea walimletea nyimbo za kejeli alizozitunga Nassibu. Na barua zako, Jabiri, nilizisoma kwa sauti pale pale, ikiwamo ile ambayo ndani yake ulimwonya asichanganyike na watu wa kuja.

Kesho yake nilimwita, nikamwuliza ni nani aliyemfundisha maneno yale. Alipiga magoti, akajibu kwa adabu, "Babu, si nyinyi?" Nimefundisha darasani miaka ishirini na sita, na somo hili nalo nililifundisha mimi.

Nilivaa kanzu, tukaenda naye kwa Kamugisha. Ni hatua arobaini tu, nami sikuwahi kuingia mle kwa miaka sita ya ujirani wetu. Benedicta alisimama mlangoni, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Shikamoo, mzee. Leo mtu wa kuja ni wewe," akasema. "Basi karibu ukae. Hapa hatumrudishi mtu kwa miguu."

Nilistahili. Niliketi, nikasema mbele ya mjukuu wangu kwamba kosa ni langu. Kwamba vijana wetu kukosa shule ni uchungu wa kweli, lakini hawakunyimwa na nyumba ile.

Mwanakombo alilia. Demetria hakulia.

"Kila Ijumaa nilipita chini ya dirisha lako, nikakohoa ujue nipo," akamwambia.

"Nilikusikia. Ami Nassibu aliniambia mnakuja kunicheka."

"Nawe ukamsadiki?"

"Nilimsadiki." Akajifuta macho. "Na ile kanga?"

"Ipo. Sijasema nitakupa."

Mwanangu, Nassibu bado ni mkaidi, na Fakihi amenuna kwa sababu nimemwambia kwamba barazani kwangu tutadai shule, hatutafukuza mtu. Nitavumilia. Kwako nina ombi moja. Uliniandikia kwamba ulipokuwa na homa, mwenye nyumba wako, Msukuma, alikupikia uji siku tisa. Habari hiyo niliisoma kimya, nikaikunja barua. Wewe huko ni mtu wa kuja. Iandike tena, kwa urefu, nami nitaisoma kwa sauti dirisha likiwa wazi, Nassibu naye awepo.

Mama yako anawasalimu sana, pamoja na shangazi yako Chausiku na jamaa wote wa Kimbiji. Mwanakombo angewasalimu kwa mkono wake, lakini ametoka sasa hivi kwenda bombani, na Demetria yuko pamoja naye. Kanga zao ni sare. Hawajaanza kucheka kama zamani, lakini ndoo wameishika wawili.

Mungu awape afya, awalinde ugenini, na awalinde wanaowatunza.

Ni mimi baba yako, nikupendaye siku zote,
Shomari bin Nassibu